Feni Iliyokufa Arua

Koboko, Jumapili

Dada Shakira,

Natumaini barua hii itawakuta salama huko Juba. Sisi tupo. Mihogo ya shamba la Ludara imeota vizuri, Mama analalamikia magoti.

Jumatatu nilimpeleka Baba hospitali Arua kwa gari lake. Barabarani halikusumbua, lakini kwenye msongamano wa mjini mshale wa joto ulipanda, nikazima injini kabla haijachemka. Fundi mmoja wa Sudan Kusini, Saturnino, alifungua boneti akakuta feni ya rejeta haizunguki, ingawa fyuzi yake ni nzima. Akaunganisha feni moja kwa moja na betri, haikuzunguka.

"Mota ndio imekufa," alisema. "Feni ingine iko Mvara, ya mtumba. Ngojeni kidogo."

Aliporudi na kuanza kuifunga, Baba alimwuliza, "Wewe unajua Santo, mutu wa kwenu, wa Yei? Alioa binti yangu."

Dada, kwa miaka sita Baba amekuwa akisema Santo alikuiba; siku hiyo alisema "alioa".

Saturnino alijibu kwamba hamjui. Aliwasha gari, tukasubiri injini ipate joto, na feni ikaanza kuzunguka yenyewe.

Hospitalini daktari alisema figo za Baba zimechoka, na hatuna miezi mingi naye. Tukiwa njiani kurudi, Baba aliniagiza nikuandikie: "Mwambie akuje. Na bwana yake akuje. Nitamwita mkwe mbele ya watu."

Sijui utajibu nini. Mama ameshafua mashuka ya chumba mtakacholala wewe na Santo.

Mdogo wako,
Yasiri