Pedali Mbili za Mjomba Sufiani

Mwembesongo, Morogoro
Jumapili

Mjomba Sufiani,

Shikamoo. Huku wazima. Kabichi za Mama kule Mgeta zimekubali mwaka huu, na pedali ya gitaa uliyonitumia imefika salama.

Nimeishindanisha na ile yako ya zamani uliyoiacha hapa nyumbani, na mpya inaizidi mbali, usibishe! Nikikanyaga, sauti inapanda juu papo hapo, safi, hata nikipiga nyuzi tatu kwa pamoja. Ya zamani inataka uzi mmoja tu, inachelewa, halafu inatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Jana harusini kwa kina Nasibu nilipiga na mpya, watu wakacheza mpaka vumbi likatimka.

Wimbo wa mwisho nikachomeka ya zamani. Sasa nimejua kwa nini ulikuwa unaitangulia ngoma kidogo: pedali ikichelewa, sauti inaangukia pale pale panapotakiwa. Nikafanya vivyo hivyo. Uwanja mzima ukalipuka, "Sufiani! Sufiani!" Mimi Semeni, na gauni langu, naitwa Sufiani!

Mama hajalitaja jina lako tangu ulipokosa kumzika Bibi. Alikuwa nyuma ya nyumba anapika pilau. Akatoka mbio na mwiko mkononi, akakutafuta jukwaani. Alipoona ni mimi, hakurudi jikoni. Alicheza mpaka mwisho.

Leo asubuhi kaniambia, "Mwandikie kaka yangu kitanda chake bado kipo."

Basi mpya ni yangu, siirudishi. Ya zamani njoo uipige mwenyewe.

Mpwa wako mpiga solo,
Semeni