Uwanja Usio na Filimbi

Jumatatu, 6 Februari 1995

Mazoezi ya netiboli saa kumi, kama kawaida. Upepo umepeperusha majivu ya mistari, nimechora upya. Wasichana wa kijiji na wa kambi ya wakimbizi wamechanganyika sasa. Wanagombana kwa Kihangaza na Kirundi, na wanaelewana vizuri kabisa. Nilipopuliza filimbi, Goreti akaziba masikio, akakimbilia migombani. Tena. Safari hii kaenda na mpira. Mazoezi yameishia hapo. Nimechoka naye.

Alhamisi, 9 Februari

Goreti ni yule mrefu wa kambini, anayeishi na shangazi yake, Domitila. Walivuka mpaka wawili tu. Hakutazami usoni. Hata shikamoo anaiambia miguu yako. Ananung'unika wimbo mmoja kutwa nzima. Ukimgusa bega anaruka. Lakini mweke kushoto kwa pete, pale pale, usimhamishe, na mpira hauendi kwingine. Sijawahi kuwa na mfungaji kama huyu. Namtaka kwa mechi na shule ya Kibimba. Sio huruma. Namtaka.

Kijijini wanasema ana mapepo. Mimi nasema ni vita. Nani alitoka kule akiwa mzima? Hata sisi wa upande huu. Samaki wa mtoni hatuli tena, tangu tulipoona vilivyokuwa vikipita na maji. Nikisikia maji yanavuma nabadili njia.

Jumanne, 14 Februari

Filimbi nimeiacha nyumbani. Nimetumia kipande cha kanga nyekundu. Nikiinua, simama. Nikishusha, cheza. Leokadia, nahodha wetu, mtoto wa hapa hapa Ntobeye na mdomo wake, alicheka mpaka akainama. "Mwalimu, leo tunafukuza ndege kwenye mtama?"

Goreti hakukimbia. Akafunga. Wenzake wakapiga vigelegele, naye akaziba masikio, akakaa chini. Leokadia akaacha kucheka. Akainua mikono juu kama pembe za ng'ombe, vile tunavyocheza ngoma harusini. Wote wakainua. Kimya. Goreti akatazama mikono ile, si nyuso. Akasimama, akarudi kushoto kwa pete.

Kingine. Wasichana wa kambini leo walicheza kwa namna nyingine. Hakuna aliyegeuka kutazama nyuma. Kumbe kila nilipopuliza walikuwa wanashtuka wote, ila wao hawakukimbia.

Jumamosi, 18 Februari

Domitila amekuja na ndizi za kuchoma. Nikampa pole kwa vita vilivyomharibu mtoto. Akakasirika.

"Hakuharibika, Mwalimu. Alizaliwa hivyo. Filimbi anaikimbia tangu mdogo, hata ile ya shuleni kwetu."

Kisha akanieleza, huku akimenya ndizi. Siku ile wauaji walikuwa wakiitana kwa filimbi, mlima kwa mlima. Walikuwa bado mbali. Nyumbani hakuna aliyesikia kitu. Goreti akasikia, akakimbia. Domitila akamfuata amrudishe, maana chakula kilikuwa tayari. Alipomshika, wao wawili walikuwa wamefika bondeni. Wengine wote walibaki nyumbani, wanakula.

"Sasa akikimbia mimi nafuata. Siulizi."

Ndizi sikuweza kumaliza. Nimeogopa, na sijui naogopa nini, maana ni mambo yaliyokwisha.

Ijumaa, 24 Februari

Mwalimu Mkuu anasema mechi ni mechi na filimbi ni sheria. Asiyeiweza akae nje. Nimemwambia bila Goreti hakuna timu. Tumepandishiana sauti mpaka watoto wa darasa la pili wakachungulia dirishani. Mwishowe kasema nimwombe mwamuzi mwenyewe. Lakini mechi ikivurugika, Goreti ndiyo basi.

Nimekwenda Kibimba kwa mguu. Mwamuzi amekubali kutumia kanga. "Hamna shida, dada." Kasema upesi mno. Sijampenda.

Jumamosi, 4 Machi

Watu wengi. Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Goreti kafunga, watazamaji wetu wakainua pembe kimya kimya, wageni wakatushangaa. Kipindi cha pili wasichana wa Kibimba wakaanza kusukumana na wetu. Mwamuzi akapunga kanga, hawakumwona. Akapandwa na hasira, akatoa filimbi mfukoni. Akapuliza kwa nguvu zake zote.

Goreti akakimbia.

Domitila akaangusha kikapu, akamfuata. Wasichana wa kambini wakafuata. Leokadia, ambaye hajawahi kukimbia kitu maishani mwake, akafuata. Kisha wanawake wenye watoto mgongoni, kisha wazee. Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Umati mzima unakimbia na unasikia miguu tu.

Mimi pia. Viatu mkononi.

Tukasimama migombani, tunahema, tunasikiliza bonde. Hakuna kilichokuja. Goreti alikuwa amekaa chini, mpira mapajani, ananung'unika wimbo wake. Uwanjani alibaki mwamuzi na timu yake, wanatuita.

Wametupa ushindi wa mezani. Wametupa, nimeandika nini? Wamewapa Kibimba. Kichwa hakijatulia.

Jumapili, 5 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Baada ya ibada Mwalimu Mkuu akaja kusimama karibu yangu. Nilijiandaa kugombana. Suruali yake nzuri ilikuwa na utomvu wa mgomba, haukutoka. Alikimbia na yeye.

"Yule binti abaki kwenye timu," akasema. Akavaa kofia, akaenda zake.

Jumatatu, 13 Machi

Mazoezi saa kumi. Majivu, kanga. Mwamuzi wa Kibimba ametuma salamu kwamba mechi irudiwe, na filimbi ataiacha kwao. Tutaona.

Katikati ya mchezo upepo uligeuka, ukaleta filimbi kutoka kambini. Ya kugawa chakula, bila shaka. Ndogo, mbali. Kanga ilikuwa chini, sikuinua, lakini wote walisimama. Leokadia pia. Domitila akainuka pale anapokaaga, akafunga kitenge vizuri kiunoni.

Tukamtazama Goreti.

Aliinua kichwa. Mikono ikapanda mpaka karibu na masikio, ikakaa hapo. Kisha akaishusha, akaomba mpira.

Domitila akakaa. Tukaendelea kucheza.