Mawe Ndani ya Chuma

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti la kushoto ndilo limejifanya mwenye nyumba siku hizi. Kifua chako kimepoa? Usilale mbele ya feni ukitoka kwenye joto la kiwanda.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "ndiyo, mama" mpaka salio linakwisha, nami sijui umesikia nini.

Mjomba wako amevunjika mguu. Usishtuke, yuko wodini anagombana na wauguzi, kwa hiyo atapona. Alikuwa anateremka mlima na shehena ya saruji, springi ya nyuma ikakatika, lori likaingia mtaroni. Springi hiyo nilimtengenezea mimi kwa bamba la mzigo mpya, haina hata miezi mitatu.

Nilipokwenda kumwona aligeukia ukutani. Nikamwita mara mbili. Mwishowe akasema, wodi nzima ikisikia, "Dada, umeunguza chuma."

Unajua neno hilo lilivyonikata. Baba yako alipofariki, watu walisema karakana itafungwa, mwanamke hawezi nyundo. Mjomba wako ndiye wa kwanza kuleta gari lake kwangu. Sasa yeye ndiye anasema hivyo, na wateja wameanza kupita mlangoni kama hawanioni.

Nimempa dereva wa basi kipande kilichovunjika akuletee. Wewe unakaa na hadubini kutwa nzima hapo kiwanda cha chuma. Kiangalie. Kama niliunguza, niambie niliunguza, usinipake mafuta.

Mama yako

19 Machi

Mama, shikamoo,

Kifua kimepona. Pole sana kwa mguu wa Mjomba na kwa ulimi wake.

Nimechelewa kwa kuwa nilikikata kipande na kukisugua mpaka kikang'aa kama kioo, nikakiangalia, kisha nikamwomba mwenzangu akiangalie bila kumwambia ni cha nani. Tumeona kitu kimoja. Hukuunguza, mama. Moto wako ulikuwa sawa, na oili uliyozamishia chuma ilikuwa sawa.

Ufa ulianzia kwenye mawe. Ndiyo, mawe, madogo kuliko vumbi la unga, karibu kabisa na uso wa bamba. Ngoja nikueleze yanatoka wapi.

Chuma kikiyeyuka kinakuwa kimemeza hewa. Tunatia alumini ili iishike hiyo hewa, na zikishikana zinageuka vijiwe vigumu vyenye makali, vinavyopenda kugandana. Tukiishia hapo chuma ni kichafu. Ndiyo maana tunaingiza waya wa kalsiamu ndani ya ndoo kubwa yenye chuma kilichoyeyuka. Vile vijiwe vikikutana na kalsiamu vinalainika, vinakuwa matone ya mviringo. Kisha tunapuliza gesi polepole kutoka chini, matone yanapanda juu na kuingia kwenye povu la taka, nalo tunaliacha. Hayaishi yote, lakini yanayobaki ni madogo na hayana pembe.

Katika kipande chako vijiwe havikugeuka. Vina pembe zake vilevile, na chuma kilipopitishwa kwenye mashine ya kubana vikajipanga mstari kama siafu. Springi inapinda na kunyooka kila kwenye shimo la barabara, ufa ukapata pa kuanzia.

Sasa la kunikosesha usingizi. Nimeangalia muhuri uliogongwa kwenye bamba. Ni chuma chetu. Siku kilipoyeyushwa, mashine ya waya ilikwama katikati, na kule kwenye kumimina walikuwa wanangoja. Wakamimina hivyohivyo.

Mwambie Mjomba.

Mwanao

26 Machi

Mwanangu,

Hapa salama. Goti limetulia, sasa bega ndilo limechukua zamu.

Barua yako imenikuta nimeshamaliza mambo. Nilichoka kumwona ndugu yangu akitazama ukuta. Nilikwenda na uji, nikamwambia, "Mdogo wangu, nisamehe, huenda mkono wangu ulikosea." Akalia. Mtu mzima na ndevu zake. Akasema amenisamehe, akanywa uji wote na kulalamika haukuwa na sukari. Tangu siku hiyo tunaongea.

Basi mimi sioni haja ya kumfukua aliyekwishazikwa. Wewe una kazi nzuri. Ukisimama kusema chuma chenu ni kibovu, nani atakulinda? Mimi nimezeeka, aibu hii naweza kuimeza. Nyamaza, mwanangu.

Mama yako

2 Aprili

Mama, shikamoo,

Natumaini bega limepungua.

Ningeweza kunyamaza kama ingekuwa aibu tu. Lakini ulinunua mzigo mzima wa mabamba yale. Mengine uliyafunga kwenye magari ya nani? Hayo yana vijiwe vilevile, na yanapita barabarani leo.

Nimekwenda kwa bosi wa zamu na picha za hadubini. Alizigeuza moja moja. Akaniuliza, "Unajua aliyeamuru wamimine siku ile ni nani?" Nikamwambia najua. Ni yeye. Akasema, "Chuma kingegandia kwenye ndoo. Nilidhani kitafaa." Nikadhani atanifukuza. Akavaa kofia yake akasema, "Twende kwa meneja, usije ukaongea peke yako."

Mabamba yaliyobaki stoo yamefungiwa. Ila kuwatangazia wanunuzi, kikao kinangoja kikao. Sisi wawili tumesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Niko chumbani, nafua nguo ambazo hata si chafu.

Usingoje kikao, mama. Yatafute magari.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Umekula? Mtu asiye na kazi husahau kula, nakujua.

Nilimsomea mjomba wako barua zako zote mbili. Alikasirika! "Kwa hiyo nilikusamehe bure?" Akarudi kutazama ukuta mpaka jioni. Kisha akaomba simu. Yule anamjua kila dereva na deni lake na mke wake. Akiwa kitandani, mguu juu kama mlingoti, akawapigia mmoja mmoja. Wakaja karakana, nikafungua springi na kufunga nyingine. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alileta hata maji ya kunywa.

Likabaki basi la wanafunzi. Mwenyewe akasema gari lake halipigi kelele, haliingii gereji. Mjomba wako alikuwa ametolewa hospitali siku ileile. Akaenda na magongo yake, akasimama mbele ya basi kwenye geti la shule, watoto wakiwa ndani. Honi zikapigwa, wazazi wakajaa. Akasema, "Nikanyage na huu mguu mwingine ufanane na mwenzake."

Watoto wakashuka. Nikalala chini ya gari na kulifuta bamba kwa dizeli. Ufa ulikuwepo. Niliupitisha ukucha, ukakwama. Nikamwita mwenye basi aingie apitishe wake. Akatoka chini akiutazama ukucha wake. Alikwenda kukaa kwenye kizingiti cha geti, akashika kichwa.

Kama kiwanda hakikurudishi, njoo nyumbani. Nyundo ya baba yako bado ina mpini. Kama kinakurudisha, rudi, wapo wanaohitaji mtu wa kuangalia hivyo vijiwe.

Mjomba wako ananinyang'anya kalamu.

Mama yako

Mpwa wangu, hujambo? Mama yako nimemsamehe mara ya pili, safari hii kwa kunidanganya kwamba mkono wake ulikosea. Yeye mimi hajanisamehe bado. Anasema kwanza nirudi wodini, nisimame katikati, niseme kwa sauti ileile kwamba hakuunguza chuma.

Kesho nakwenda.

Mjomba wako