Kiganja cha Mama Esta

Mjukuu wangu Furaha,

Tunakusalimu huko Kawale, sisi batu ba kambi ya Dzaleka. Mama yako anashona, mdogo wako amepona tumbo. Mi koko yako, mama ya mama yako, bado silali.

Umeniandikia kwamba kwenye masomo yako ya uuguzi mmefundishwa kuwa ubongoni kuna seli za kunyamazisha zile zinazotuweka macho, njo mtu anapata usingizi. Ukauliza zangu zimepatwa na nini.

Tulipokimbia vita kule Fizi, Kongo, tulitembea usiku, mchana tukalala porini. Mama Esta, kiongozi wa kwaya yetu, alipita kwa kila mtu na kumwekea kiganja kifuani. "Lala, mi niko macho." Hata batoto balinyamaza. Jua likizama, alituamsha kwa kiganja kilekile.

Siku ya tatu niliamka mwenyewe, giza limeshaingia. Kitenge chake kilikuwa juu ya jiwe, kimekunjwa vizuri. Yeye hakuwepo. Tulimwita kwa sauti ya chini, kwani kelele ingetumaliza. Kisha tukaenda. Tulimwacha, Furaha.

Seli zako za kunyamazisha ziko humu kichwani bado, nadhani. Usingizi unaanza kunichukua, nasikia kile kiganja kifuani, halafu najiuliza nani ataniamsha. Macho yanafunguka.

Usitume vidonge vingine vya usingizi. Kitenge chake ninacho hapa mapajani. Mi najua Mama Esta hatarudi. Zile seli za kukesha njo hazijaambiwa.

Koko yako