Cheti cha Kuwauzia Wazee

Bur Dubai, 4 Septemba

Mwanangu Sabiha,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima huko Silicon Oasis. Mimi alhamdulillah kwa kila hali, ila roho haijatulia. Barua hii nimempa Idd wa duka la vitambaa akuletee. Simu sipokei tena, na sasa hivi utajua kwa nini.

Wiki iliyopita alinipigia msichana. "Nashikamoo bibi, nashikamoo na walio ndani." Nani katika mji huu anayeamkia hivyo ila mtoto niliyemlea mimi? Nikaitikia marahaba. Akanieleza mambo ya bima, nami kila neno "ndiyo mwanangu, naam mwanangu." Mtu mwenye adabu humkatizi. Leo nimekwenda kusafishwa damu, ati bima yangu ya zamani imefutwa, ninayo mpya, na daktari wangu wa figo hayumo katika hiyo mpya! Nisiposafishwa damu nakufa, Sabiha, sirembi maneno. Na wewe ndiye unayeuza bima za wazee. Hebu niambie, ni wewe uliyemtuma?

Shangazi yako

Silicon Oasis, 5 Septemba

Shangazi yangu mpenzi,

Nashikamoo. Pole sana. Barua yako nimeianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

Wallahi sikumtuma mtu. Sisi mawakala wa bima za wazee, serikali inatutahini upya kila mwaka, maana sheria hubadilika na wazee huonewa. Bila cheti cha mwaka huu huruhusiwi hata kumpigia mzee simu. Sasa Kenneth, msimamizi wetu, alinijia: "Wazee wa Kizanzibari hawatuamini, wafundishe wenzako kuamkia." Nilifurahi mno! Nikawafundisha kama ulivyonifundisha. Mjinga mimi.

Aliyekupigia ni Resty, Mganda, na mtihani hajafanya. Kenneth anawaambia wauze kwanza, cheti kitafuata. Kwa hiyo bima aliyokuuzia ni batili, lakini lazima mtu wa ndani aseme kwa wakaguzi wa bima. Nivumilie nifanye mtihani wangu Jumatatu. Nikisema kabla, Kenneth atanizuia nisifanye mtihani, kazi itakwenda na viza itafuata.

Mwanao, Sabiha

Bur Dubai, 6 Septemba

Sabiha,

Marahaba. Hali yangu unaijua.

Kumbe wa kusema yupo, ila ana mtihani! Na figo zangu nizitume salamu zisubiri Jumatatu? Leo muuguzi mmoja amenisafisha damu kwa huruma tu, kasema hawezi tena. Halafu nani kasema Resty alitumwa na Kenneth? Wewe. Nani kasema wewe hukujua? Wewe vilevile. Nakupenda, lakini leo sikuamini. Jirani yangu Aboud anataka anipeleke kwa wakaguzi wa bima. Nimemkatalia. Nakungoja wewe, nione utafanya nini.

Shangazi yako aliyekulea

Silicon Oasis, 12 Septemba

Shangazi,

Nashikamoo. Umeamkaje? Miguu bado inavimba?

Mtihani sikufanya. Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda moja kwa moja kwa wakaguzi, nikataja jina la Kenneth, la Resty, na langu mimi niliyewafundisha. Bima yako ya zamani imerudi tangu jana, nenda kwa daktari wako. Jumatatu nilipofika ofisini, Kenneth alikuwa ameshanifuta kwenye mtihani. "Khalas, Sabiha," ndilo neno pekee alilonipa, na kazi ikaisha hapo. Resty naye kafukuzwa. Alilia, akanitukana mbele ya watu.

Chumba ni cha kampuni, natakiwa nitoke. Naomba nije kwako. Kama bado unanishuku niambie tu, sitakasirika, nitamwomba rafiki yangu Belinda anisitiri.

Mwanao, Sabiha

Bur Dubai, 14 Septemba

Mwanangu Sabiha,

Marahaba, mama. Miguu inapungua. Jana nimesafishwa damu, daktari akanigombeza kwa kula chumvi, nikajua mambo yamekaa sawa.

Sasa sikiliza. Juzi Resty alinibishia hodi. Anwani yangu anayo, si ndiye aliyeniuzia? Kaja kuomba radhi, begi mkononi, naye kampuni imemtoa chumbani. Namshuku. Anakula sana na anasema kidogo, na kila nikimwita anashtuka. Nimempa chumba chako, maana mtu unayemshuku usimwache akatoka machoni.

Nawe nakushuku, tena kuliko yeye. Kwa hiyo utalala kitandani kwangu. Njoo leo, wala usipitie kwa Belinda.

Shangazi yako