Sahani Niliyoiweka Hewani

Dada Flora,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na mguu huko Mungaa? Huku Singida kazi ni nyingi. Bosi ameweka miavuli ufukweni mwa ziwa Singidani, na kila Jumamosi maharusi wanakuja kupiga picha kwenye mawe, kisha wanakula kuku wetu wa kienyeji wakitazama maji.

Dada, macho yangu yanakufa. Juzi nilimpelekea mteja chakula, nikaiachia sahani nje ya meza, ikavunjikia miguuni pake. Bosi akaniuliza mbele ya watu, "Febronia, umelewa?"

Mimi, mwanakwaya nisiyeijua hata ladha ya pombe, nikajibu, "Ndiyo, bosi. Nisamehe." Mlevi husamehewa, lakini kipofu angeambiwa arudi kwao.

Daktari amesema jicho la kushoto limeshakwisha. La kulia linaweza kuokolewa nikipasuliwa mapema, ila naogopa kwenda peke yangu. Mama usimwambie. Barua hii ananiandikia Jenifa wa jikoni, maana mistari siioni tena.

Nakusihi, ukiipata barua hii, panda basi la kesho yake. Njoo, dada, ningali naweza kukuona uso.

Mdogo wako,
Febronia