Bibi Yake Alizaa na Mbwa Mwitu

4 Februari

Binti yangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila magoti yanalia kama bawaba za mlango.

Unasema ofisini kwenu mnatafuta mbwa wa kuchunga wa huku mlimani, kwamba wanakwisha, na dume mliye naye amekosa mke. Mke ninaye mimi! Manyoya yamesokotana kama mkeka mkuukuu, macho huyaoni. Habweki. Kondoo akipotoka, yeye humlalia njiani tu, kondoo anarudi mwenyewe kwa aibu. Waambie wataalamu wako: bibi yake alizaa na mbwa mwitu! Chui akimwona anaomba njia.

Ana miaka tisa, joto lake la kupandwa linalokuja mwezi ujao ndilo la mwisho. Mleteni huyo bwana harusi upesi. Mahari yangu mtoto mmoja tu, nisichunge peke yangu.

Baba yako

20 Februari

Shikamoo baba,

Pole na magoti. Barua yako niliwasomea wote. Mkuu wangu alicheka vizuri mpaka nilipofika kwa mbwa mwitu. Akavua miwani. "Damu imechanganyika," akasema, akamfuta jike wako kwenye orodha ya kuzalisha. Baba, ni kweli?

Mwanao

2 Machi

Marahaba mwanangu,

Mkuu wako hajui utani? Mbwa mwitu hawajaonekana huku tangu babu yangu ana meno! Bibi yake alipandwa na dume la jirani, kabila lake hasa, nami nilikuwepo. Niliongeza chumvi kidogo tu. Mwambie haraka. Joto halingoji barua.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo baba,

Nilimwambia. Akaniuliza, "Leo hivi, kesho vile. Wewe ni binti yake, unaweza kumwapia?"

Sikuapa, baba. Mama alipougua uliandika ana mafua, nije tu msimu wa kunyoa kondoo. Nilipokuja, kaburi lilishaota majani.

Dume alikuwa anavunja uzio kila siku. Wamemhasi Jumatatu.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Joto limepita. Jike yuko hapa mlangoni, anakula vizuri.

Ile barua ya mafua, mama yako ndiye aliniambia niandike vile. Alisema usiache kazi kwa ajili yake, atapona. Mimi niliandika tu.

Hili ni kweli. Sijui nikuapie kwa kitu gani.

Baba yako

30 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Ile ya Aprili uliipata?

Baba yako